Saba Mara Nane: Somo la Kuvunja Namba kwa Wanaokwenda BTP

Andika ubaoni x² + 15x + 56 mbele ya darasa la kidato cha pili, kisha waambie watafute vigawo. Wengi watakutajia kanuni vizuri tu: tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 56 na ukizijumlisha unapata 15. Wanaijua kama wimbo wa Taifa. Halafu kimya. Kalamu zimegusa daftari, macho yamepanda darini. Mmoja atajaribu 6 na 9 kwa kuwa jumla yake ni 15, na hana namna ya haraka ya kujua kwamba 6 mara 9 haifiki 56. Mwingine ataanza kuchora vijiti pembeni mwa daftari, nane nane, mpaka kipindi kiishe. Aljebra haijawashinda hao. Kilichowashinda ni kitu cha shule ya msingi.

Tunaosoma ualimu hapa chuoni tutakutana na kimya hicho tukifika BTP. Na si watu wa Hisabati peke yao. Wa Fizikia watakutana nacho kwenye kasi na mwendo, wa Kemia kwenye kusawazisha milinganyo, wa Jiografia kwenye kipimio cha ramani. Tumesoma kalkulasi, tumesoma matriki, tumesoma saikolojia ya elimu na nadharia zake zote, wengine tumezirudia kwenye supu. Lakini ni wachache tuliowahi kukaa darasani tukajadili la kufanya na kijana wa miaka kumi na mitano asiyejua saba mara nane.

Dawa ya mazoea tunaijua: "Nenda kakariri tebo, kesho nakusikiliza." Nyuma ya mlango kuna fimbo. Na kusema "atumie kikokotoo" hakusaidii, kwa sababu kwenye mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne kikokotoo hakiingii chumbani (nasema kikokotoo cha mkononi, si kile cha mafao ya wastaafu, chenye kesi zake). Kwa hiyo kijana anakwenda kukariri, anarudi, anaimba mpaka nane mara nane, ukimruka ukamuuliza katikati anaanza upya kutoka juu: nane mara moja nane, nane mara mbili kumi na sita... Anafanana na mtu anayejua alfabeti lakini ukimuuliza herufi gani inafuata P lazima aanzie A.

Simpingi anayekariri. Mtu ambaye 7 × 8 inamjia bila kufikiri ana raha yake, na mwisho wa safari tunataka wote wafike hapo. Ninachopinga ni kumpa mtoto majibu mia moja kana kwamba ni mia moja kweli, kila moja limesimama peke yake kama namba ya simu. Hayako hivyo. Yapo machache ya kushika, na yaliyobaki yanatengenezwa kutoka kwenye hayo machache. Anayejua kuyatengeneza hata akisahau hapotei.

Hebu tuhesabu kweli. Tebo ya 1 mpaka 10 ina majibu 100. Lakini 3 × 8 na 8 × 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo ukitoa marudio yanabaki 55. Tebo ya moja haina kazi: toa 10, zinabaki 45. Tebo ya kumi hata mtoto wa darasa la pili anaijua: toa 9 nyingine, zinabaki 36. Tebo ya mbili ni kujumlisha namba na yenyewe: zinabaki 28. Tebo ya tano ina mdundo wake, inaishia sifuri au tano, na wengi wanaijua kwa kusoma saa ya ukutani: zinabaki 21. Tebo ya tisa ni kumi kasoro moja, tutaiona sasa hivi: zinabaki 15. Ndani ya hizo 15 kuna 3 × 3, 4 × 4, 6 × 6, 7 × 7 na 8 × 8, ambazo watu wengi hushika mapema kuliko jirani zake. Ukizitoa, unabaki na kumi tu: 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 7, 6 × 8, na yule mwenye darasa lake, 7 × 8.

Kumi. Mwandikie mwanafunzi hizo kumi kwenye kipande cha karatasi, mwambie "deni lako ni hili", halafu angalia sura yake. Aliyekuwa anadhani anadaiwa mia moja amekuta anadaiwa kumi. Na hizo kumi nazo hatutamwambia akakariri kwanza. Tutamfundisha kuzivunja.

Kuvunja ni nini? Tuanze na kitu cha jikoni. Trei la mayai lina mayai 30: mistari sita, kila mstari mayai matano. Hiyo ni 6 × 5. Sasa fikiria kila mstari umeongezewa mayai mawili mwishoni. Mistari bado ni sita, ila kila mmoja una saba. Hiyo ni 6 × 7. Yako mangapi? Yale 30 ya trei, na mawili mawili ya mistari sita, yaani 12. Jumla 42. Hakuna aliyekariri kitu hapo. Chukua na kreti la soda: chupa 24, safu nne za chupa sita sita. Weka kreti mbili kando kwa kando. Safu zimekuwa nane, kila safu sita. Basi 8 × 6 ni 24 na 24, yaani 48.

Mwanachuo ataona mara moja kwamba hiki ni kile tunachoandika a(b + c) = ab + ac. Sawa. Ila ukimwandikia mtoto hizo herufi kwanza umemfungia mlango. Trei linamwonyesha kwa macho kwamba hakuna yai lililopotea wala lililohesabiwa mara mbili, na hiyo ndiyo maana yote ya kanuni hiyo.

Sasa tuivunje 7 × 8 yenyewe, kwa sababu ina njia nyingi na kila mwanafunzi ana yake. Anayejua tebo ya tano atasema: nane tano ni 40, nane mbili ni 16, jumla 56. Anayependa kuongeza mara mbili atasema: saba mbili 14, mara mbili yake 28, mara mbili tena 56. Aliyeshika 7 × 7 ni 49 ataongeza saba moja, 56. Aliyeshika 8 × 8 ni 64 atatoa nane moja, 56. Kuna na njia ya sokoni, ambayo naipenda kuliko zote. Mwulize mama anayeuza madaftari nje ya geti la chuo: manane ya mia saba mia saba ni shilingi ngapi? Hashiki kalamu. "Kumi ni elfu saba, toa mawili, elfu moja na mia nne, nipe elfu tano na mia sita." Ameivunja nane kuwa kumi kasoro mbili, na amemaliza wewe bado unafungua simu.

Jambo hilo limechunguzwa na watu wa vitabu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto watano wauzaji wa mitaani katika mji wa Recife, Brazili. Waliwauliza bei wakiwa kwenye biashara zao kama wateja wa kawaida, kisha wakawapa hesabu zilezile kwa mtindo wa shule. Mtaani walipata kama asilimia 98. Kwenye hesabu tupu za karatasi walishuka hadi kama asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, nazi moja ikiwa kruzeiro 35. Shuleni jibu la haraka ni kuongeza sifuri. Yeye alikwenda kwa nazi tatu tatu: 105, kisha 210, kisha 315, akaongeza na ile moja, 350. Ukimwangalia kwa jicho la shule utasema hajui hata kuzidisha kwa kumi. Lakini jibu ni sahihi, na kila hatua ana uhakika nayo, kwa sababu bei ya nazi tatu anaijua kwa kuitumia kila siku. Amesimama kwenye anachokijua, akavuka kwenda asichokijua.

Nikirudi kwetu, wanafunzi wengi tutakaowakuta wameuza karanga, wametumwa dukani, wamekata chenji. Akili ya kuvunja wanayo tayari. Wanaiacha nje ya geti la shule kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ile nayo ni Hisabati.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo sijaona likizungumzwa sana, na mimi naliona ni kubwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikariri tebo kwa Kiswahili: "saba mara nane hamsini na sita". Wimbo ule una mdundo, na mdundo ndio unaobeba jibu. Anafika kidato cha kwanza, somo limegeuka Kiingereza. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, na wimbo haupo. Lazima atafsiri swali, aimbe kimoyomoyo kwa Kiswahili, alipate jibu, alitafsiri, ndipo anyooshe mkono. Mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza ameshajibu na kukaa. Yule wa kwanza anaonekana mzito, kumbe amefanya kazi mara mbili. Sasa mfundishe kwamba 7 × 8 ni 40 na 16. Hilo halina lugha. Liko kwenye trei, kwenye kreti, kwenye noti za mfukoni. Linavuka mpaka wa lugha bila pasipoti.

Na lugha zetu zenyewe zinavunja. Wenzetu wa kusini wanajua: katika Kiyao na Kimakua, sita husemwa "tano na moja", saba "tano na mbili", nane "tano na tatu". Ukihesabu kwa lugha hizo, namba imekujia ikiwa imeshakatwa. Kiswahili kilikuwa na majina yake ya zamani, tandatu, fungate na kenda, kabla ya sita, saba na tisa kutoka Kiarabu kuchukua nafasi. Kenda bado iko ndani ya jina la Mijikenda, na fungate imebaki kwa maharusi, ingawa siku hizi hakuna anayehesabu kama zimetimia siku saba.

Hiyo "tano na" si ya kupuuza. Kuna mchezo wa vidole wa kuzidisha namba kuanzia 6 mpaka 9, na wanafunzi wanaupenda kupita kiasi. Saba ni tano na mbili: nyoosha vidole viwili mkono wa kushoto, kunja vitatu. Nane ni tano na tatu: nyoosha vitatu mkono wa kulia, kunja viwili. Vilivyonyooka ni vitano, hivyo ndivyo makumi: 50. Vilivyokunjwa, zidisha: 3 × 2 ni 6. Jumla 56. Jaribu 6 × 7: vilivyonyooka ni kimoja na viwili, makumi matatu, vilivyokunjwa ni vinne na vitatu, 12, jumla 42.

Ukiishia hapo umefundisha mazingaombwe. Wewe ni mwanachuo, hebu ona kwa nini inafanya kazi. Namba zako ni 5 + a na 5 + b. Zidisha: 25 + 5a + 5b + ab. Vidole vinasema 10(a + b) + (5 − a)(5 − b). Fungua mabano: 10a + 10b + 25 − 5a − 5b + ab. Kusanya, utapata kilekile. Kidato cha pili wanaweza kuithibitisha wenyewe, na nakuhakikishia watafungua mabano kwa moyo kuliko maswali yote ya kitabuni, kwa sababu safari hii wanatafuta siri ya vidole vyao.

Ukidhani huu ni ubunifu wa walimu wa kisasa, nenda Misri ya kale. Kuna mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes kama mwaka 1550 KK, ambayo leo yako British Museum, London. Wamisri wale walizidisha kwa kuongeza mara mbili na kujumlisha. Katika swali moja la mafunjo hayo, la 79, kuna nyumba saba, kila nyumba paka saba, kila paka panya saba, inaendelea hivyo, na Ahmes anatafuta jumla kwa kuzidisha 2801 kwa 7. Anafanyaje? Anaandika 2801. Anaongeza mara mbili, 5602. Mara mbili tena, 11204. Halafu anajumlisha zote tatu, 19607. Saba ameivunja kuwa moja na mbili na nne. Hana tebo ya saba na haihitaji.

Njia hiyo ni mkombozi wa mwanafunzi aliye chini kabisa, yule ambaye hata tebo ya tatu ni shida. Kama anaweza kuongeza namba mara mbili, anaweza kuzidisha chochote. Mara nne ni mara mbili, mara mbili tena. Mara nane ni hivyo mara ya tatu. Mara tatu ni mara mbili na moja. Mara sita ni mara tatu, mara mbili. Ni njia ndefu kidogo, lakini amefika mwenyewe.

Sasa makosa, maana huko ndiko mwalimu anakopata habari. Watafiti wa hesabu za kichwani wameona jambo ambalo na wewe utaliona wiki ya kwanza: anayekosea tebo mara nyingi hakosei ovyo. Anataja jibu la jirani. Ukiuliza 7 × 8 atakwambia 48, au 63, au 54. Hilo 48 ni 6 × 8. Hilo 63 ni 7 × 9. Hilo 54 ni 6 × 9. Aliyekariri tu hana pa kushika: ukimwambia "siyo" anabahatisha lingine. Aliyezoea kuvunja unaweza kumwuliza, "48 ni nane ngapi?" Atasema sita. "Basi bado ngapi?" Bado moja. 56. Kosa lake limekuwa ngazi.

Kuna makosa yanayozaliwa na kuvunja kwenyewe, na hayo uyatarajie. Kwenye tebo ya tisa, 9 × 7 ni 10 × 7 ukatoa saba moja, yaani 63. Wapo watakaotoa 1 wakapata 69, na wapo watakaotoa 9 wakapata 61. Usiwaambie "mmekosea" ukapita. Waulize tumetoa nini: kulikuwa na mafungu kumi ya saba, tumeondoa fungu moja, fungu lina ngapi ndani? Neno "fungu" linafanya kazi kubwa hapo kuliko alama zote ubaoni. Sokoni nyanya zinapangwa mafungu, na hakuna mtoto anayedhani ukiondoa fungu moja umeondoa nyanya moja.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hata wengine wetu chuoni tunalibeba. Mpe mtu 13 × 17. Atavunja zote mbili: 10 na 3, 10 na 7. Kisha atazidisha kumi kwa kumi, 100, tatu kwa saba, 21, atasema 121. Chora mstatili. Ugawe kwa mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Vyumba ni vinne: 10 × 10 ni 100, 10 × 7 ni 70, 3 × 10 ni 30, 3 × 7 ni 21. Jumla 221. Aliyepata 121 amesahau vyumba viwili vya pembeni. Sasa futa kumi, andika x: (x + 3)(x + 7). Vyumba vilevile: x², 7x, 3x, 21. Yule anayeandika kwamba (a + b)² ni a² + b² amesahau vyumba vilevile viwili. Ugonjwa ni mmoja, na ulianza kabla ya kidato cha kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kurudi kwenye 7 × 8 ni kupoteza muda wa silabasi. Ukimfundisha mtoto kuivunja saba kuwa tano na mbili ndani ya mabano ya mayai, umeshaanza kumfundisha kufungua mabano. Ukimwimbisha tebo, umemfundisha tebo.

Je, mazoezi ya haraka haraka yana nafasi? Yana, ila baadaye. Mwaka 1935 huko Marekani, William Brownell na Charlotte Chazal walichunguza watoto wa darasa la tatu waliopewa mazoezi mengi ya hesabu rahisi ili majibu yashike. Walichokuta ni kwamba mazoezi peke yake hayakuwabadilisha sana namna ya kufikiri. Waliokuwa wanahesabu moja moja waliendelea kuhesabu moja moja, sema kwa kasi zaidi. Mazoezi yanaimarisha alichonacho mtu. Kama alichonacho ni vijiti pembeni mwa daftari, utaimarisha vijiti. Mpe kwanza njia nzuri, halafu mkimbize.

Na uwe na subira na karatasi. Kuvunja kichwani kunadai ushike 40 huku unatafuta 16, na kwa anayeanza mkono mmoja unaangusha kitu mwingine ukiokota. Mruhusu aandike 40 + 16 pembeni. Baada ya wiki mbili tatu utaona ameacha kuandika bila kuambiwa, na baadaye kidogo ameacha hata kuvunja, anataja 56 moja kwa moja. Hapo amekariri. Tofauti ni kwamba siku ya mtihani, jasho likimtoka na 56 ikapotea, ana njia ya kurudi nayo.

Suala la muda sasa. Kipindi ni dakika 40, mada zinakusubiri, na msimamizi wa chuo anaweza kuingia siku yoyote na fomu yake. Akikukuta kidato cha pili unafundisha saba mara nane bila maelezo, maksi zako zina mashaka. Kwa hiyo iweke kwenye andalio la somo, sehemu ya utangulizi, dakika tano za kwanza. Kila siku zao moja, usizidishe. Andika 6 × 8 ubaoni, nyamaza nusu dakika, chukua majibu yote, sahihi na ya jirani, bila kuonyesha uso. Kisha muulize mmoja: "Umeipataje?" Andika njia yake kama alivyoisema, na jina lake pembeni. "Njia ya Neema: 5 × 8 na 8 moja." Tafuta mwenye njia nyingine. Zikifika tatu, funga, ingia kwenye mada ya siku.

Swali la "umeipataje" waulize na waliopatia, maana shule nyingi huulizwa aliyekosea tu, na watoto wameshazoea kwamba ukiulizwa hivyo maana yake umeharibu. Siku mbili za kwanza watakutazama kwa wasiwasi. Siku ya tatu watagombania.

Ukianza na zile kumi za kwenye karatasi, moja kwa siku, wiki mbili za shule zinatosha kuzipitia zote mara moja. Anza na 4 × 6 kwa kuwa kreti wanalijua, 7 × 8 iache ya mwisho. Siku utakayoifikia, usiandike 7 × 8. Andika x² + 15x + 56, rudi nyuma ya darasa, ukae kwenye dawati la mwisho.